Kamba ya Bure

Sehemu ya Saba

Kwa asiyenijua: mimi ni Masoud wa Mlingotini. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, kwanza kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki, siku hizi kwenye simu. Nasahau kula. Tarehe sisahau.

Kwa anayenifuata tangu mwanzo: niliwaacha nimesimama kwenye ngazi za duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Mbaruk, pale Dunda, karatasi tatu mfukoni, napanda kwenda kuvunja mkutano.

Sikuuvunja. Mkutano ulinivunja mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Tuna kampuni yetu ndogo ya intaneti, Mkondo wa Pwani, mali ya watu wa Bagamoyo wenyewe. Tunavuta faiba, zile nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, nyumba kwa nyumba. Wenye hisa ni mafungu matatu. Wafanyabiashara wa Dunda, mkubwa wao Mzee Mbaruk. Walimu na watu wa misheni, msemaji wao Mwalimu Joachim. Na kina mama thelathini na mmoja wa Mlingotini, wakulima wa mwani, ambao msemaji wao ni mimi.

Hao kina mama niliwaingiza mimi, mlango kwa mlango, mwaka mzima. Wa kwanza alikuwa Bi Mwanvita, mdogo wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Alitoa fedha ya mwani wa misimu minne. Hakuuliza faida. Aliuliza neno moja tu: "Na wewe utakuwepo?"

Nikamwambia nitakuwepo.

Sasa mitambo yetu ya kwanza imeliwa na chumvi, radi ikaimalizia. Lazima inunuliwe mingine, na wauzaji ni wawili. Veltora, bei ya chini. Kaidun, bei ya kuuma. Dunda wanataka Veltora. Walimu wanataka Kaidun. Na katiba yetu inasema mkataba hupita kwa mafungu mawili kati ya matatu.

Mnaona kisu kilipoelekea.

Karatasi zangu tatu zilikuwa maoni ya wawekezaji. Huko ng'ambo kuna watu wanaoishi kwa kuwapima watengenezaji wa mitambo ya faiba kama sisi tunavyopima ng'ombe mnadani. Wako wanaosema Veltora itashinda, maana inauza chini ya gharama yake mpaka wenzake wakate pumzi. Wako wanaosema Kaidun haifi ng'o, kwa sababu leza zake, vile vifaa vya kurusha mwanga kwenye nyuzi, inatengeneza yenyewe, hainunui kwa mtu. Wanabishana kwa takwimu, kama mashabiki wa mpira waliovaa tai.

Nilizisoma wiki tatu, kamusi mkononi. Hasira zangu zikapanda ukurasa kwa ukurasa. Wote wanauliza nani atabaki. Hakuna anayeuliza huyo atakayebaki atatufanya nini sisi.

Yuko mmoja aliyeuliza. Ukurasa wa tatu, aya ya chini kabisa. Huyo aliisifu Veltora hivi, tafsiri ni yangu: hasara ya leo isiwatie hofu. Mtambo wa Veltora hauelewani na mtambo wa mtengenezaji mwingine, na leseni yake hulipiwa kila mwaka kwa bei atakayopanga mwenyewe. Mteja akishaingia, hatoki. Kwa hiyo nunueni hisa.

Alichokisifu yeye ndicho kitakachotuua sisi. Leseni ikipanda, kampuni itaitisha michango. Asiye na mchango, hisa zake zinapungua hadi zinakwisha. Mzee Mbaruk atachangia. Bi Mwanvita atachangia nini, mwani mbichi?

Nikapanda ngazi.

Ukumbi ule uko juu ya duka, unanuka rangi na saruji. Watu walifika arobaini. Mzee Mbaruk alikaa mbele na fimbo yake, na kando yake mpwa wake Mazin, aliyekuja likizo kutoka Maskati. Mazin ndiye aliyemleta wakala wa Veltora. Mazin mwenyewe ni mstaarabu, ananukia udi, anakusikiliza mpaka umalize. Ningependa awe mshenzi. Ingenirahisishia kazi.

Nikasoma aya yangu, polepole, mara mbili.  Mwalimu Joachim akatikisa kichwa kwa kukubali, na Mwalimu huyo hakubali kitu kwa urahisi. Nikajua nimeshika mpini.

Nikamgeukia kijana. "Kaka Mazin, wewe una hisa Veltora?"

"Ninazo," akasema. "Tena si haba. Ungependa nikushauri kitu ambacho mwenyewe sijatia fedha yangu?"

Watu wakacheka. Nikamwambia faida yake yeye ni sisi kutotoka.

"Bwana Masoud, faida ya kila mwenye duka ni mteja kutotoka. Hata muuza mandazi."

Wakacheka tena, na safari hii nikaona wanampenda. Nikafungua mdomo niwaeleze tofauti ya mandazi na leseni. Mzee Mbaruk akainua fimbo kidogo.

"Masoud, kaa kitako. Hili halina mjadala. Fatiha imeshasomwa."

Nikasema kama wao wameisoma, mimi na watu wangu haituhusu.

"Uliitikia Amin," akasema Mzee. "Tena sauti yako ilipita zetu sote."

Ndugu zangu, sasa nakiri. Nilikuwa nimepanga kulificha hili hata kwenu.

Alhamisi ya wiki ile nilipita nyumbani kwa Mzee Mbaruk baada ya alasiri. Wiki hiyo hiyo walikuwa wamemfanyia hitima ndugu yake, na mimi, pamoja na ugomvi wetu wa miaka, sikuwahi kwenda kumpa pole. Nikasema niende. Nafika barazani, navua viatu, nawaona watu kama kumi na mmoja wameinua mikono. Fatiha inasomwa. Nani anayesimama mlangoni kuuliza Fatiha inasomewa nini? Nikainua mikono. Nikaisoma moyoni kwa ajili ya marehemu. Ilipofika mwisho nikaitikia Amin ya kutoka tumboni, maana nilitaka Mzee ajue kuwa katika msiba mimi si adui.

Nikala halua. Nikanywa kahawa vikombe vitatu. Nikaenda zangu.

Ile Fatiha ilikuwa ya mkataba wa Veltora. Wakala alikuwa amekaa pale pale, kushoto kwangu. Nilimpitishia sahani ya halua kwa mkono wangu.

Mimi ninayeuliza kila kitu, siku ile sikuuliza.

Pale ukumbini nikasema kweli: sikujua inasomewa nini. Kicheko kilichopigwa hapo sijawahi kukisikia. Yahya muuza samaki akasimama kabisa. "Masoud hajui? Huyu anayejua mpaka mwaka aliopotea jogoo wangu?"

Ulikuwa elfu mbili na kumi na moja, mwezi wa Shaabani. Nilijizuia nisiseme.

Mwalimu Joachim akasimama kunitetea. Akasema yeye na watu wake hawakusoma Fatiha yoyote, na kampuni ina katiba. Mzee Mbaruk akamjibu kwa adabu. Mwalimu hafungwi na kitu, hapana yake inaheshimiwa. "Mimi nazungumza na huyu. Yeye anajua Fatiha ni nini."

Nilijua. Wa bara mtaniwia radhi, pengine mtasema ni maneno tu. Kwetu watu wameozeshana, wamepatana mipaka ya mashamba, wamezika visasi vya damu kwa Fatiha, bila karatasi hata moja. Ikishasomwa, aliyeitikia amefungwa. Anayeivunja hashtakiwi. Hakuna tu anayempa mkono tena.

Mzee akanikabidhi karatasi ya fungu letu, nafasi thelathini na moja za dole gumba. Kina mama wengi hawaandiki, na dole gumba bila saini ya shahidi anayejua kusoma ni doa la wino tu. Shahidi wao ni mimi. Chini kabisa, mstari wangu ulikuwa mtupu.

"Jumatatu, kabla ya adhana ya adhuhuri," akasema. "Bei ya wakala inaishia hapo."

Nikashuka ngazi. Nilipanda na karatasi tatu, nikashuka na nne.

Jumapili asubuhi nilikuwa Mlingotini. Maji yamekupwa, kina mama wametoka kuvuna. Bi Mwanvita alikuwa anageuza mwani juu ya nyavu za kuanikia, sketi kaifunga magotini. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba bila kunyanyuka.

Nikamweleza habari za wawekezaji. Nilitayarisha maneno mepesi, nikidhani itachukua asubuhi nzima. Nilipofika kwenye "mteja akishaingia, hatoki", akaacha kugeuza.

"Kumbe ni kamba," akasema.

Mwaka elfu mbili na nane tulikuwa na wanunuzi wawili wa mwani. Mmoja alikuwa na mizani ya haki na bei ya wastani. Wa pili alikuja na bei ya juu, na kamba za bure, na vigingi vya bure. Kina mama walimwimbia. Yule wa kwanza akavumilia msimu mmoja, akafunga ghala, akaondoka. Msimu uliofuata bei ikashuka nusu. Waliposema watauza kwingine, yule bwana akauliza swali fupi: kamba ni za nani? Anayepanda kwa kamba yangu ananiuzia mimi. Na kwingine kwenyewe hakukuwapo tena.

Wataalamu wa ng'ambo wana kurasa na michoro. Bi Mwanvita alimaliza kwa neno moja.

"Usisaini," akasema. "Na sisi dole hatuweki. Mwambie Mbaruk kamba tunazijua."

Mzigo ukaniteremka mgongoni. Nikacheka. Nikakaa mchangani kabisa, na yeye akarudi kugeuza mwani wake. Kisha, bila kunitazama, akauliza: "Mbona yeye ana hakika utasaini?"

Nikamwambia. Halua, mikono, Amin, yote.

 Aligeuza wavu mzima, akahamia wa pili. Ningependa angenitukana.

"Zile kamba tulifungwa na mtu," akasema mwishowe. "Hii umejifunga mwenyewe."

Nikamwambia sitaivunja Fatiha na pia sitawatia wao mtegoni, na kwa hiyo sijui nifanye nini. Ndivyo nilivyosema, mimi Masoud, ambaye watu huja kuuliza wafanye nini.

"Nenda kamwombe akufungue. Mtu huombwa."

"Mbaruk? Anifungue mimi?"

"Kwani nani mwingine aliyekufunga? Nenda. Hiyo karatasi niachie."

Nikamuuliza ya nini na yeye hasomi. Akasema ataitazama tu. Nikamwachia. Lingine ambalo sikuuliza.

Sasa lazima mjue kwa nini kwenda kwa Mbaruk kulikuwa kama kumeza moto.

Elfu mbili na kumi na tatu, mwezi Machi. Ghala la barafu pale soko la samaki lilikuwa la Mzee Mbaruk. Wauza samaki walikaa naye, ikasomwa Fatiha kwamba bei ya barafu haitapanda miaka miwili. Baada ya mwaka mmoja, elfu mbili na kumi na nne, ikapanda. Watu walipomkumbusha Fatiha, Mzee akasema alifika amechelewa, akakuta mikono imeinuliwa, akadhani wanamwombea mgonjwa. Amin yake ilikuwa ya mgonjwa.

Mnalisikia hilo? Mimi nililisikia Jumapili ile nikiwa juu ya bodaboda, katikati ya njia ya Bagamoyo, na nusura nianguke.

Maana mwaka ule nilipanda juu ya sanduku la barafu, sokoni, saa nne asubuhi, nikawaambia watu: "Mtu mzima haitikii Amin kwa jambo asilolijua. Anayesema hakujua, alijua." Nikampa na jina. Mbaruk Nusu Amin. Jina likakaa. Mpaka leo kuna wanaomjua kwa jina hilo tu.

Nilimkuta barazani pake, peke yake, na birika la kahawa. Akanimiminia kabla sijakaa. Nikamwambia nimekuja kuomba anifungue, kwa sababu sikujua.

 Akazungusha kikombe.

"Nikumbushe," akasema. "Wewe ndiye mwenye kumbukumbu. Mtu mzima anafanyaje?"

"Mzee wangu."

"Nikumbushe."

Nikayasema yale maneno yangu, yote, mpaka lile jina. Ni vigumu kutamka tusi ulilolitunga mwenyewe mbele ya uliyemtukana, ukinywa kahawa yake.

Nikatazamia afurahi. Hakufurahi. Akaniambia marehemu mkewe, Bi Shaikha, alilisikia jina hilo mlangoni kwake mpaka anakufa. Akaniambia ghala aliliuza kwa ajili hiyo, si kwa ajili ya hasara. Kisha akasema jambo ambalo toka siku ile sijapata nalo usingizi wa mchana wala wa usiku.

"Sikujua, Masoud. Wallahi nilidhani ni ya mgonjwa. Miaka yote hii nilikuwa nangoja mtu mmoja tu ajue jambo hilo linavyokuwa."

Nikamtazama usoni. Nimetazama waongo wengi, ndiyo kazi yangu. Sikuona kitu. Niliona mzee na birika.

Labda alidanganya. Labda mwaka ule nilimchinja mtu msafi mbele ya soko zima. Nilikuwa na tarehe, nilikuwa na saa, nilikuwa na maneno neno kwa neno. Sikuwa na hakika, na hata siku moja sikuwahi kujua kuwa sina.

Akatoa sharti. Kesho asubuhi, sokoni, pale pale, nipande niseme Mbaruk hakujua. Nikisema, atanifungua, na wale wengine wa barazani atawaomba yeye.

Nikamuuliza: na mkataba wake wa Veltora, ukifa?

"Ufe. Mazin ataninunia, atarudi Maskati. Jina langu litabaki hapa na mimi."

Usiku ule sikulala, lakini hayo hayawahusu.

Jumatatu saa nne soko la samaki lilikuwa limejaa. Nilipanda juu ya sanduku la barafu. Yahya akapaza sauti kuwa haya, leo nani anachinjwa. Watu wakasogea, wamezoea, wanajua Masoud akipanda kuna mtu atalia.

Nikasema: "Elfu mbili na kumi na nne nilisimama hapa nikamwita Mzee Mbaruk Nusu Amin. Nilisema alijua. Hakujua. Nilimdhulumu, na ninamwomba radhi mbele yenu."

 Mwanamke mmoja mkaanga samaki akaniuliza kwa upole: "Na mengine yote uliyotuambia miaka hii, baba, nayo hukuwa na hakika?"

 Nikashuka. Watu walinipisha njia kama wanavyompisha mgonjwa.

Mzee Mbaruk alisikia yote, akaenda kuwaona wale wa barazani, na baada ya saa nzima akanikuta kwenye kona ya soko, ameegemea fimbo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na maji. Akasema amenifungua, na wale wa barazani wamenifungua, hakuna anayenidai neno.

Nikatazama saa ya simu. Saa tano na nusu. Jina langu lilikuwa limekwisha, sawa, lakini kina mama wangu wamepona. Karatasi iko Mlingotini, haina doa. Adhana itapita, bei ya wakala itakufa, na wiki ijayo tutakaa na Mwalimu Joachim tutafute njia ya kuifikia Kaidun, au mtu wa tatu, au tungoje. Nilitembea kwenda Dunda nusu nikikimbia, nikamwambie Mazin kwa mdomo wangu kwamba fungu la Mlingotini linasema hapana. Mzee akanifuata taratibu kwa nyuma.

Mbele ya duka kulikuwa na kirikuu mbili, zile pikapu ndogo zinazobeba mwani wetu, zimeegeshwa, nyuma zimelowa maji ya bahari.

Nikapanda ngazi tatu tatu.

Walikuwa wamekaa kwenye viti vya mkutano, wote, thelathini na mmoja, wamevaa kanga zao nzuri, zile za harusini. Mwani wa siku ile wameuacha majini. Mbele yao Mazin, mezani pake karatasi na kibao cha wino. Mwalimu Joachim alisimama dirishani na kutupa kisogo.

Bi Mwanvita akanyanyuka. Dole gumba lake lilikuwa la buluu.

"Umefika," akasema. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Nikamuuliza amefanya nini.

Akanieleza mbele ya wote, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Jana jioni walikaa. Kamba wanazijua, hakuna aliyewadanganya. Walipima hisa upande mmoja, na mimi upande mmoja. Wakasema hisa zikiisha, bahari ipo, wataanza tena, walishaanza tena mara ngapi. Lakini Masoud akiitwa mvunja Fatiha, nani atawasemea? Mlango gani wa mji huu utamfungulia?

"Hatuwezi kukuacha uvunjike kwa ajili ya mwani wetu," akasema. "Tumeweka sote. Imebaki saini yako."

Nikatazama karatasi. Madole thelathini na moja, matano matano kila mstari na moja la mwisho peke yake, hakuna lililokosea mahali pake. Mengine wino ulikuwa bado unang'aa. Chini, mstari wangu, mtupu.

Walikuwa hawajui. Walipanda kirikuu saa tatu, sokoni nilisimama saa nne. Hawakujua kuwa nimekwisha kufunguliwa. Hawakujua kwa bei gani. Jina walilokuja kuliokoa, nilikuwa nimetoka kuliuza asubuhi hiyo hiyo, ili niokoe hisa walizokuja kuzitoa.

Nikisaini, nawafunga kamba kwa mkono wangu, na sina tena hata Fatiha ya kujisingizia. Nisiposaini, nawaambia kina mama hawa, mbele ya Mazin, kwamba walichokitoa hakina kazi, na jina walilolihurumia halipo.

Nyuma yangu nikasikia fimbo ya Mzee Mbaruk ngazini. Moja, mbili, tatu. Ilisimama mlangoni. Yeye alijua. Neno lake moja lingetosha.

Aliegemea fimbo tu. Alikuwa anawatazama wale kina mama na madole yao ya buluu.

"Saini, baba," akasema Bi Mwanvita, taratibu, kama alivyokuwa akinilisha dawa nikiwa mtoto. "Tumekuja kwa ajili yako."

Ng'ambo ya barabara kipaza sauti cha msikiti kilikohoa, kama kinavyokohoa kila siku mwadhini akikiwasha. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, kifuniko kimeshatolewa.

Mimi nisiyesahau tarehe, mpaka leo sikumbuki nani aliyenitia kalamu ile mkononi.